Ankara Iliyotoka kwa Jina Langu

Simu ya shangazi iliingia alfajiri.

"Mwanangu, hiyo ankara uliyonitumia ni ya nini? Naifungua, inanitaka neno la siri."

"Shikamoo shangazi. Ankara gani?"

"Marahaba. Si hii hapa, ina jina lako na picha yako!"

Nilikuwa sijamwandikia shangazi kwa miezi. Nikajua moja kwa moja kwamba kompyuta yangu imeingiwa na kirusi, na kuanzia hapo hadi jioni nilifanya makosa ambayo nimeshuhudia watu wengi wakiyafanya baada yangu. Nilichomoa waya wa intaneti, kisha nikauchomeka tena ili nitafute dawa. Nikabofya tangazo la kwanza lililonijia. Programu niliyoipakua ikadai kwamba mashine yangu ina kasoro zaidi ya 800, na kwamba itaziondoa zote nikilipa. Nikapakua nyingine, kisha ya tatu. Kompyuta ikawa nzito, haifungui hata folda. Usiku nikafuta kila kitu na kusimika Windows upya, na diski ilipokwisha kufutwa ndipo nikakumbuka folda ya picha za mama. Zilikuwa za miaka 6, na sikuwa na nakala.

Siku 4 baadaye rafiki yangu akapata ankara ileile, kwa jina langu. Kompyuta ilikuwa tupu kabisa, haina chochote ila Windows. Kumbe kirusi hakikuwamo tangu mwanzo.

Ndiyo maana naomba, kwa moyo wote: ukiambiwa kwamba barua pepe zako zinasambaza virusi, usiiguse kompyuta kwanza. Tafuta ugonjwa uko wapi. Huenda mtu ameghushi jina lako tu. Huenda ameingia kwenye akaunti yako. Au kweli kuna programu hasidi kwenye mashine. Kila moja ina tiba yake, na tiba ya moja haiponyi nyingine.

Anza kwa yule aliyepokea barua. Mwombe asiisambaze kwa mtu yeyote, aguse tu jina la mtumaji mpaka anwani kamili ionekane, akusomee herufi kwa herufi. Jina na picha si ushahidi wa lolote, maana mtu yeyote anaweza kufungua akaunti akajiita jina lako. Hata anwani yenyewe ilikuwa rahisi kughushi kwa miaka mingi, kwa sababu utaratibu wa kusafirisha barua pepe uliowekwa mwaka 1982 haukuwa na namna ya kuhakiki mtumaji. Kirusi cha Mydoom, kilichoenea Januari 2004, kilitumia pengo hilo: kiliingia kwenye kompyuta ya mtu, kikaokota anwani zilizokuwamo, kisha kikajituma kwa majina ya watu wengine. Walalamikiwa walikuwa watu ambao mashine zao hazina tatizo lolote. Siku hizi seva nyingi huhakiki zaidi, lakini barua za kughushi bado zinapenya. Kama anwani si yako, huna cha kutengeneza kwako. Waarifu jamaa na marafiki, basi.

Anwani aliyonisomea rafiki yangu ilikuwa yangu, haikupungua hata nukta. Nikafungua mipangilio ya akaunti, mahali panapoonyesha vifaa vilivyoingia. Kulikuwa na kimoja nisichokijua, kilichoingia saa ambayo mimi nilikuwa nimelala. Folda ya barua zilizotumwa haikuwa na kitu cha ajabu, kwani aliyeingia alikuwa akifuta nyayo zake. Kisha nikafika kwenye sehemu ya vichujio, ile inayopanga barua zenyewe kwa zenyewe. Sikuwa nimewahi kuitumia. Nikakuta kichujio kimoja ambacho jina lake lilikuwa nukta. Nukta tu, ni rahisi jicho kuiruka. Kilikuwa na agizo moja: barua yoyote inayoingia ikiwa na neno "ankara", "virusi" au "umedukuliwa", ifutwe.

Nilikaa nikiitazama ile nukta. Watu walikuwa wakiniandikia kunionya, na maonyo yao yalikuwa yakitupwa kabla sijayaona. Kama shangazi angeandika badala ya kupiga simu, nisingejua.

Ningebadilisha neno la siri peke yake, kichujio kingebaki palepale kikiendelea na kazi yake. Kwa hiyo fanya yote kwa mkupuo mmoja, kutoka kwenye kifaa unachokiamini. Badilisha neno la siri. Toa vifaa vyote vilivyoingia, hata vyako, uingie upya. Kagua vichujio, na kagua kama barua zako zinapelekwa nakala kwenye anwani usiyoijua. Angalia namba ya simu na anwani ya kurejeshea akaunti, maana mwizi akiweka ya kwake hapo atarudi kesho. Ondoa ruhusa za programu usizozitambua. Kisha washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani kuingia kunakodai uthibitisho wa pili mbali na neno la siri, na usiuahirishe. Akaunti ya barua pepe ndiyo inayofungua nyingine zote: benki, picha, kurasa zako, zote hutuma humo kiungo cha kubadilisha neno la siri.

Alipataje neno langu? Nililitumia pia kwenye tovuti nyingine niliyojiandikisha zamani na kuisahau, na data za tovuti hiyo zilivuja. Ukitaka kujua kama anwani yako imo katika mivujo inayojulikana, kuna tovuti ya Have I Been Pwned, iliyoanzishwa mwaka 2013 na Troy Hunt wa Australia. Unaweka anwani tu, hakuna neno la siri linalohitajika.

Jambo hili linaeleza pia zile barua zinazotisha watu sana, zinazosema "nimekurekodi kwa kamera yako, lipa la sivyo naisambaza," na hapo hapo zinataja neno la siri ulilowahi kulitumia. Nimemsikia mtu mzima akilia kwa barua ya namna hiyo. Neno hilo limetoka kwenye data zilizovuja, na barua hiyohiyo hutumwa kwa maelfu ya watu. Usilipe, usijibu. Kama neno hilo bado unalitumia mahali popote, libadilishe leo.

Shangazi naye tayari alikuwa ameshaandika neno lake la siri kwenye ule ukurasa wa ankara. Hakuwa na kirusi, ila mtu asiyemjua alikuwa ameshika ufunguo wake. Tulikaa kwenye simu tukapitia hatua zote zile, yeye akisoma kilicho kwenye skrini, mimi nikimwelekeza. Tulifika mapema, hakukuwa na mgeni aliyeingia.

Sasa, virusi vipo, na mara nyingi huja katika faili lililoambatishwa. Tarehe 4 Mei 2000 kirusi cha ILOVEYOU kilienea duniani kutoka Ufilipino kikijifanya barua ya mapenzi. Jina la faili lilikuwa na TXT, kana kwamba ni maandishi ya kawaida, lakini liliishia na vbs, yaani programu, na Windows ilikuwa ikificha kipande hicho cha mwisho. Bado hukificha, usipoiambia isifanye hivyo. Fungua kichunguzi cha mafaili, nenda kwenye mwonekano, washa viendelezi vya majina ya mafaili, yaani hivyo vipande vya mwisho. Ni kazi ya nusu dakika.

Emotet, programu hasidi ambayo polisi wa nchi kadhaa waliisambaratisha Januari 2021, ilikuwa na hila mbaya zaidi: iliiba mazungumzo halisi kwenye barua za mtu, kisha ikajibu ndani yake, chini ya maneno ambayo kweli mliandikiana, na kuambatisha hati ya Word. Kwa hiyo kumjua mtumaji hakutoshi. Hati ikikuomba uruhusu makro, yaani maagizo yanayojiendesha ndani ya hati, ndipo uisome, ifunge. Na faili la zip lililofungwa kwa neno la siri ambalo limeandikwa kwenye barua ileile linapaswa kukushtua, maana mara nyingi limefungwa hivyo ili programu za ulinzi zisione kilichomo. Mpigie mtumaji umuulize. Usimjibu kwa barua, kwani huenda anayejibu si yeye.

Kama umeshafungua, hapo ndipo kuchomoa waya au kuzima Wi-Fi kunafaa. Windows ina ulinzi wake, Microsoft Defender, na ina ukaguzi wa nje ya mtandao unaowasha mashine upya na kuikagua kabla Windows haijapanda. Uanze na huo. Maneno ya siri yabadilishe ukiwa kwenye kifaa kingine, si hapo. Ikibidi kusimika upya, okoa kwanza hati na picha, acha programu. Na kama bado unatumia Windows 10, ujue kwamba Microsoft ilimaliza msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Programu za kwenye matangazo sizigusi tena. Wala dirisha linalojaza skrini likipiga kelele na kukupa namba ya simu ya "mafundi": onyo la kweli la Microsoft haliweki namba ya simu. Funga kivinjari, kikigoma zima mashine. Hofu pekee inatosha kuharibu. Mwaka 2002 ulienea ujumbe uliowataka watu wafute faili liitwalo jdbgmgr.exe, lenye alama ya dubu mdogo, eti ni kirusi. Watu walilitafuta, wakalikuta, wakalifuta, wakawaambia na marafiki zao. Lilikuwa faili halali la Windows.

Picha za mama nilipata 11. Zilikuwa kwenye barua nilizowahi kumtumia shangazi, ndani ya akaunti ileile iliyoingiliwa, na aliyeingia hakuzigusa. Sasa ziko kwenye diski ya nje ninayoichomeka mara moja kwa mwezi, nanakili mapya, kisha naichomoa na kuirudisha kabatini.