Mkono wa mama mkwe wako usikandwe

Mwanangu,

Umeniuliza kama mkono wa kushoto wa mama mkwe wako, uliovimba baada ya kuondolewa titi na tezi za kwapani, ukandwe kwa maji ya moto na mafuta ya nazi. Hapana, na jirani asije akamshika kwa nguvu. Joto na mikandamizo huleta damu nyingi mkononi. Damu ikizidi, majimaji yanayochuja kutoka mishipani nayo huzidi, na uvimbe hupanda.

Kinachomfaa ni kuchua ngozi tu, kwa wepesi, na anaweza kujichua mwenyewe. Haya ya mkwe na mkaza mwana hapo inaondoka.

Limfu, yaani majimaji hayo yakiwa njiani kurudi kwenye damu, haina moyo wa kuisukuma. Husogea kwa mishipa yake kujibana, kwa misuli na kwa pumzi, kisha humwagika kwenye mishipa ya damu nyuma ya mtulinga, chini ya shingo. Basi anaanzia huko. Akianza na mkono, maji atayasukuma kwenda wapi na mbele kumejaa?

Alale chali, mikono mikavu. Mafuta huteleza, na sisi tunataka ngozi ivutike. Avute pumzi 5 nzito za tumboni. Aweke vidole bapa kwenye vishimo vilivyo juu ya mtulinga, aivute ngozi taratibu kuelekea chini ya shingo, aiachie irudi yenyewe, mara 10. Ubavuni mwa shingo asiguse, kwa umri wake. Kisha kwapa la kulia, ambalo tezi zake zipo: kiganja bapa, miduara 10. Kinena cha kushoto vivyo hivyo.

Sasa afungue njia mbili za pembeni. Ya kwanza, kifuani, kutoka kwapa la kushoto kwenda la kulia, akihamisha kiganja kidogo kidogo; kovu liwe limepona kabisa. Ya pili, ubavuni, kutoka kwapa la kushoto kushuka hadi kinena. Kila njia mara 5.

Mkono uje mwisho, na wengi hukosea hapa kwa kuanzia vidoleni. Aanze juu: ngozi ya mkono wa juu aivute kwa nje, kuelekea begani. Halafu kiwiko, kigasha, kiganja, kila kipande kikisukumwa kupanda juu. Akifika vidoleni, arudi polepole mpaka begani na kifuani. Yote ni kama dakika 20, mara moja kwa siku. Ngozi ikiwa nyekundu, au akihisi msuli chini ya vidole, amekandamiza mno.

Akimaliza, avae mkono wa nguo ya kubana aliopimiwa hospitali. Bila huo maji hurudi. Bandeji ya kununua dukani, ukaifunga kwa kukisia, inaweza kubana sehemu moja ikafanya kizuizi kipya. Asichanjwe chale wala kuumikwa mkono huo: kidonda kidogo tu ni mlango wa vijidudu. (Akitokea wa kusema ni matende, mwambie matende huletwa na minyoo inayoenezwa na mbu, huu umetokana na tezi zilizotolewa.)

Kabla hajaanza, daktari wake aseme kama moyo na figo viko sawa na hakuna damu iliyoganda mishipani. Uvimbe ukiongezeka ghafla, aonwe kwanza. Mkono ukiwa mwekundu na wa moto, au akipata homa, aache kuchua na afike hospitali siku hiyohiyo, maana huenda akahitaji antibiotiki.

Chukua futi ya fundi cherehani, upime mzunguko wa kiganja, sentimita 10 chini ya kiwiko na sentimita 10 juu yake, mikono yote miwili, kila Jumamosi saa ileile. Vipimo vya wiki ya kwanza nitumie.

Mamako