Nilitazamiwa kwa kadi za taroti wakati wa dhiki. Je, swala zangu zinakubaliwa?

SWALI: Assalaamu alaykum Sheikh. Mwaka huu nimeachika, na baada ya miezi miwili nikasimamishwa kazi. Shoga yangu akanitandikia kadi za taroti, akasema huu si uganga, ni mwongozo wa roho tu. Ikatoka kadi ya mnara unaobomoka, nikalia, maana niliona ni mimi kabisa. Sasa ananiita tena tuzitazame kama nirudiane na mume wangu. Siamini kwamba zinajua ghaibu, natafuta faraja. Nina kosa? Na swala zangu je?

JIBU: Wa alaykumus salaam wa rahmatullah. Pole sana, dada yangu. Talaka peke yake inatosha kumkosesha mtu usingizi, na wewe umepata la pili juu yake.

Kutazamia kwa kadi ni haramu, hata kukiitwa mwongozo. Ni ramli ile ile, kilichobadilika ni chombo. Waarabu kabla ya Uislamu walikuwa na mishale ya kupigia bao: mmoja umeandikwa "Mola wangu ameniamrisha," wa pili "Mola wangu amenikataza," wa tatu mtupu. Mtu akitaka kusafiri au kuoa huchomoa mmoja, ukitoka mtupu anarudia. Mwenyezi Mungu akaitaja mishale hiyo pamoja na ulevi na kamari (Al-Maida, aya ya 90), akasema ni uchafu katika kazi ya shetani. Weka kadi mahali pa mshale, uone kama kuna tofauti.

Kadi hizo 78 zilianza Italia karne ya 15, zikichezwa kama karata nyingine. Kuzitazamia kulikuja kuenea Ufaransa karne ya 18. Na ule mnara uliopigwa radi, watu wawili wakiporomoka: mfiwa akiuona atasema ni yeye, aliyefilisika naye vivyo hivyo. Nadhani kilichokuliza ni kwamba hatimaye mtu alikaa nawe ukasikilizwa. Haja hiyo ni ya haki, usiionee haya.

Ama swala, imepokewa na Imam Muslim, mkusanyaji wa hadithi za Mtume (s.a.w.), kuwa anayemwendea mtazamiaji akamuuliza jambo, haikubaliwi swala yake masiku arubaini. Hapo hakukushurutishwa kuamini. Kuuliza tu kunatosha. Anayemsadiki, lake ni zito zaidi. Lakini usije ukaacha kuswali! Imam Nawawi, mwanachuoni aliyeifafanua hadithi hiyo, ameeleza kuwa kinachokosekana ni thawabu. Faradhi ukiiswali, hudaiwi tena. Leta toba: acha, juta, azimia kutorudia. Mlango haujafungwa.

Kuhusu mumeo, kwanza mwulize kadhi au sheikh aliye karibu nawe, kwani hukumu inategemea ni talaka ya ngapi na kama eda imekwisha. Mkiwa na njia ya kurudiana, swali istikhara: rakaa mbili za sunna, kisha dua ambayo sahaba Jabir anasema Mtume (s.a.w.) aliwafundisha kama anavyowafundisha sura ya Qur'ani. Hapa nisikilize vizuri, maana wengi wetu tumeigeuza istikhara ikawa ramli ya halali. Mtu anaswali, analala, anangoja ndoto; akiota weupe anakubali, akiota weusi anakataa. Dua yenyewe haina neno la ndoto. Unamwambia Mola wako: kama unajua jambo hili lina kheri nami, nirahisishie; kama unajua ni shari, liepushe nami na uniepushe nalo, unijaalie kheri popote ilipo, kisha uniridhishe nayo. Huombi kuonyeshwa kesho, unamkabidhi anayeijua. Kisha tafuta mtu mwenye busara anayewafahamu nyote wawili, mzungumze kama kile kilichowaachanisha kimebadilika.

Na usiku ukikulemea, lia. Nabii Yaakub alilia mpaka macho yakawa meupe, akasema: namshitakia Mwenyezi Mungu sikitiko langu na huzuni yangu (Yusuf, 86).

Shoga yako usimkate. Nenda, mwombe kadi aziweke kando, na akusikilize tena kama siku ile. Wallahu aalam.