Cheni iliyogonga msumari: kabla hujaitupa, igeuze utazame chini

Mkuu, umesema cheni ya msumeno wako imegonga msumari ndani ya mkaratusi, meno sita yameliwa, na fundi anakuambia ununue mpya. Usitoe hela kwanza. Ivue, ioshe kwa mafuta ya taa, kisha tazama vijino vya chini, vile vinavyotembea ndani ya mfereji wa baa (lile bapa la chuma ambalo cheni huzunguka). Vikiwa vimepinda au vina ufa, au ribiti (pini zinazoshika viungo vya cheni) zinacheza, fundi wako yuko sahihi. Vikiwa vizima, cheni hiyo bado ina kazi.

Tafuta jino lililoumia kuliko yote, ulinoe mpaka sehemu iliyopondeka iishe kabisa. Mengine yote, hata yale mazima, yafuate urefu wa hilo. Wengi hunoa mabovu tu, halafu wanashangaa msumeno unavuta upande mmoja na mbao inatoka na tumbo. Cheni ya kawaida ya inchi 3/8 (kipimo cha nafasi za ribiti) inataka tupa ya duara ya milimita 5.2 (watengenezaji wengine wanasema 5.5), ya inchi 0.325 ni milimita 4.8. Jino likibaki chini ya milimita 4, hapo ndipo utupe.

Usisahau kile kidomo kilicho mbele ya jino. Kishushe kwa tupa bapa, kiwe chini ya ncha kwa milimita 0.65 hivi. Kikibaki juu, jino kali halili, linatoa unga. Ukikishusha mno, mashine inakurukia.

Kuchomelea nakuomba usikubali, hata kwa bei ya bure. Tulikuwa tunapasua mipaina Mafinga, cheni ikakatika, fundi mmoja akaichomelea. Haikumaliza gogo la pili. Kipande kiliruka kikatoboa dumu la oili upande wa kulia, pale pale msaidizi wangu alipokuwa amesimama muda mfupi kabla. Bado naona lile tundu. Chuma kile kimepewa ugumu wake kiwandani. Moto wa kuchomelea unauharibu. Kiungo kilichokatika hubadilishwa kwa kipya chenye ribiti mpya, zikazwe kwa kifaa chake, na kama ni cha jino, linolewe lilingane na wenzake.

Ukiamua kununua, nenda na ya zamani dukani, muhesabu vijino vya chini pamoja na muuzaji. Gia inayoizungusha ikiwa imechimbika, badili siku hiyo hiyo. Mimi huibadili kila baada ya cheni mbili.