Kabla ya Wageni Kufika

Ndugu yangu, umeeleza kwamba Jumamosi unatimiza miaka 30, na kwamba ukiutazama mwaka uliopita huoni la kukumbuka isipokuwa kazi na kodi ya nyumba. Nakuomba siku hiyo ukae peke yako alfajiri pale ufukweni penye kivuko cha Kamanga jijini Mwanza, mkabala na Jiwe la Bismarck, ukiwa na daftari na simu yako, kwa sababu picha na ujumbe wa zamani hutunza mengi ambayo sisi tumeyasahau. Anza na watu, si mafanikio: nani alikuuguza, nani ulimzika, nani mlipatana naye baada ya ugomvi. Katika siku yangu ya kuzaliwa iliyopita niliandika kwa urefu safari moja tu, ile ya kumpeleka mama Sengerema kupitia daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025. Alinyamaza kilomita zote 3, kisha akanisimulia alivyokuwa akisubiri kivuko huku amenibeba mgongoni. Huzuni nayo iandike, usiiruke. Ukimaliza, mpigie simu mmoja wa hao uliowaandika, umweleze wema aliokutendea.