Maswali yenu: nyumba za zama za Victoria, San Francisco

Tangu nianze kuonyesha hapa picha za nyumba za mbao za San Francisco, maswali yameingia mengi, mengine kutoka kwa wasomaji wanaoishi California na mengine kutoka kwa walio nyumbani wanaopanga kuja kuwatembelea ndugu zao. Nimechagua machache. Yaliyouliza bei ya kamera yangu nimeyapita kimya kimya.

Shikamoo mama. Nakuja mwezi wa saba kwa dada yangu. Nikitaka ile picha ya nyumba zenye rangi na maghorofa ya mjini nyuma yake, niende saa ngapi? (Msomaji, Arusha)

Marahaba mwanangu. Usiende asubuhi. Nyumba zile ziko Steiner Street, ukingo wa mashariki wa bustani ya Alamo Square, na zote zimeelekeza uso magharibi. Asubuhi jua liko migongoni mwake, nawe utarudi na picha ya kivuli na anga jeupe. Nenda jioni. Mwezi wa saba huku jua huzama saa mbili na nusu usiku, kwa hiyo mwanga mzuri unaupata kuanzia saa kumi na mbili na kuendelea, na hutakuwa na haraka.

Tatizo la Julai ni ukungu. Hutoka baharini ukafunika upande huo wa mji, siku nyingine kutwa nzima. Kama dada yako anaweza kukuvumilia hadi Septemba au Oktoba, anga la miezi hiyo ni safi zaidi. Ukishafika, usisogee karibu. Panda juu kwenye nyasi za bustani, kisha vuta kwa lenzi ya mbali; hapo maghorofa yatakuja kusimama mgongoni mwa nyumba. Ukitumia lenzi pana, maghorofa yatakuwa vijiti tu.

Nyumba hizo ni za fundi mjenzi Matthew Kavanaugh, aliyezijenga kati ya 1892 na 1896. Ile ya pembeni, namba 722, ndiyo kubwa kuliko zote, na aliijenga kwa ajili yake mwenyewe. Watalii wengi huikata kwenye picha. Mimi naona ndiyo yenye mengi ya kutazama.

Kila nikipiga nyumba ndefu, kwenye picha inalala kwa nyuma kama inayotaka kuanguka. Simu yangu ni mbovu? (Mwanafunzi, San Jose)

Simu haina kosa. Ukiielekeza juu ili kupata ncha ya paa, kuta mbili za nyumba zitaonekana zikikaribiana huko juu. Vuka barabara, simamisha simu wima kabisa, ukubali barabara na magari yajae nusu ya chini ya picha, halafu uikate ile sehemu ukifika nyumbani. Ukipata kibaraza au ngazi za nyumba ya upande wa pili, na mwenyewe akikuruhusu, hatua tano tu za kupanda zinabadilisha picha yote.

Na kwa San Francisco kuna mtego mmoja: mji ni vilima vitupu. Ukinyoosha picha kwa kufuata barabara, nyumba itainama. Fuata kingo za madirisha, hizo ndizo zilizopigwa timazi.

Nitajuaje kuwa nyumba ni ya zama za Victoria kweli, si iliyoigizwa? Na kwa nini mtaa mmoja zimejaa na mtaa wa pili hakuna hata moja? (Dereva wa teksi, Daly City)

Kaka, wewe unayezunguka mji kutwa utalifurahia jibu hili, kwa hiyo nitalirefusha.

Malkia Victoria alitawala Uingereza kuanzia 1837 hadi 1901, lakini nyumba nyingi za San Francisco tunazoziita kwa jina lake ni za miaka ya 1870 hadi mwisho wa karne. Anza na dirisha la mbele lililochomoza. Likiwa na pande tatu, zile za kando zimekatwa mshazari, na juu ya nyumba kuna ukuta bapa unaoficha paa, huo ni mtindo wa Kiitalia wa miaka ya 1870. Likiwa la pembe mraba, na mbao nyembamba zimesimamishwa wima kila mahali kama mistari ya daftari, uko miaka ya 1880. Ukiona paa la pembetatu limeelekea barabarani, mnara wa duara pembeni, na vipande vya mbao vilivyopangwa mfano wa magamba ya samaki, huo ni mtindo wa Queen Anne, uliotia fora miaka ya 1890. Mafundi walichanganya bila aibu, kwa hiyo usigombane na mtu barabarani kwa sababu ya dirisha.

Dirisha kuchomoza halikuwa pambo tupu. Kiwanja cha kawaida kilikuwa na upana wa futi 25, nyumba zikabanana ubavu kwa ubavu, mwanga ukabaki wa mbele na nyuma tu. Dirisha likitoka nje linakamata jua la pembeni pia.

Na zile nakshi zote? Ni kazi ya kiwanda. Mbao za redwudi, ile miti mirefu mno ya kaskazini mwa California, zilikuwa tele, na haziozi upesi wala hazipendwi na wadudu. Misumeno ya mvuke ilikata mapambo kwa wingi, fundi akachagua kwenye katalogi, akapigilia misumari. Wengi wanaozitazama leo hudhani ni majumba ya matajiri. Nyingi zilikuwa nyumba za watu wa kipato cha kati, zilizojengwa kwa safu ili ziuzwe haraka. Matajiri walikaa kwenye kilima cha Nob Hill, na majumba yao karibu yote yaliteketea.

Hapo ndipo linapoingia swali lako la pili. Tarehe 18 Aprili 1906, saa kumi na moja na dakika 12 alfajiri, tetemeko liliupiga mji. Mabomba ya maji yalipasuka, moto ukaenea hadi tarehe 21, na majengo zaidi ya 28,000 yakaangamia. Ili kuuzuia usiende magharibi, majumba ya kandokando ya Van Ness Avenue yalilipuliwa kwa baruti, na kwa sehemu kubwa moto uliishia hapo. Ndiyo maana ukitoka mjini ukavuka Van Ness, mji unazeeka ghafla.

Upande wa kitongoji cha Mission moto uliishia 20th Street. Kwenye makutano ya barabara hiyo na Church Street kuna bomba la zimamoto ambalo halikukauka siku ile, na hadi leo hupakwa rangi ya dhahabu kila alfajiri ya 18 Aprili. Siku ukiwa huna abiria, egesha gari hapo, teremka hadi Dolores Street, kisha ingia Liberty Street, mtaa unaofuata upande wa kusini. Utaona nyumba za miaka ya 1870, 1880 na 1890 zimesimama pamoja. Rudi 20th utazame kaskazini: nyingi ni za baada ya moto, na ni rahisi kuzitambua kwa sababu mapambo yamepungua. Kwangu mimi Liberty Street inaishinda Alamo Square, tena huko hutapigana vikumbo na mtu.

Hizo rangi za waridi na zambarau ni za tangu zamani? (Fundi rangi, Oakland)

Za leo, si za tangu mwanzo, ingawa wazee nao hawakuwa wapole sana. Mwaka 1885 mkosoaji mmoja gazetini alinung'unika kwamba nyekundu, njano, rangi ya chokoleti na ya chungwa, yaani kila rangi yenye kelele, ndiyo fasheni. Baadaye zikanyamaza. Wakati wa vita vya dunia nyumba nyingi zilipakwa kijivu cha manowari, rangi iliyobaki jeshini. Nyingine zilinyofolewa nakshi zote zikafunikwa kwa plasta au mabati ya alumini. Ukipita mitaani utaziona bado, umbo la zamani ndani ya ngozi mpya.

Mwaka 1963 msanii Butch Kardum alipaka nyumba yake bluu na kijani kali kwa pamoja. Wapo waliomcheka. Majirani wengine wakamwiga, naye akageuka mtaalamu wa kuwachagulia watu rangi. Mtindo wa rangi tatu, nne na zaidi kwenye nyumba moja ulikua hapo.

Kwa kuwa wewe ni fundi, neno moja la kazi: rangi yenye risasi ilipigwa marufuku kwenye nyumba za Marekani mwaka 1978. Nyumba ya 1890 ina matabaka mengi ya kabla ya hapo. Usiikwangue rangi ikiwa kavu bila barakoa inayofaa, na usiruhusu watoto wacheze kwenye lile vumbi.

Nilikuwa napiga picha nyumba moja, mwenyewe akatoka akaniambia nifute la sivyo ataita polisi. Ana haki? (Baba wa watatu, Sacramento)

Pole sana. Kisheria, hapana. Ukiwa barabarani au mahali pa umma Marekani, jengo linaloonekana kutoka hapo unaruhusiwa kulipiga picha, na mwenye nyumba hawezi kukulazimisha kufuta. Usiingie uani mwake, usipande ngazi zake, usizibe njia ya waenda kwa miguu kwa miguu mitatu ya kamera. Kazi ya biashara yenye taa na wasaidizi ni jambo lingine, hiyo huombewa kibali cha mji.

Lakini nikikuandikia sheria tupu nitakuwa nimekudanganya nusu. Sisi watu weusi wenye kamera katika mtaa wa watu tusiowajua, tunajua namna tunavyotazamwa. Mimi huenda mchana, kamera shingoni waziwazi, na nikimwona mtu dirishani humsalimu kwanza na kuisifia nyumba yake. Mara nyingi salamu huzaa hadithi: nani aliijenga, mlango gani ni wa asili. Asipotaka, naondoka. Nyumba ziko nyingi. Na hata akiwa mpole, usielekeze lenzi dirishani wala usitoe picha yenye namba ya gari lake.

Jirani yangu mzee, Mmarekani mweusi, akipita barabara ya Geary hutikisa kichwa anasema "hapa palikuwa kwetu". Anamaanisha nini? (Muuguzi, San Francisco)

Anamaanisha Western Addition, pamoja na Fillmore. Eneo lile liliponyoka moto wa 1906, likawa na nyumba nyingi za zama za Victoria. Wajapani waliishi hapo hadi 1942, serikali ilipowahamishia kwenye kambi za kizuizini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Wamarekani weusi waliokuja kufanya kazi kwenye viwanda vya meli wakati wa vita walipanga humo, wakafungua maduka na kumbi za jazi. Kisha mji ukaliita eneo bovu. Kuanzia miaka ya 1950 hadi 1970 wakala wa uendelezaji ulibomoa mtaa baada ya mtaa, Geary ikapanuliwa ikawa kama barabara kuu, na maelfu ya watu wakaondoka. Walipewa vyeti vya kurudi. Wengi hawakurudi.

Katikati ya miaka ya 1970 nyumba chache ziliokolewa kwa kupakiwa kwenye matela na kuhamishiwa viwanja vingine. Kwa hiyo nyumba zilipata kupanda gari, wapangaji wakaambiwa watafute pa kwenda. Muulize mzee mtaa wake, dada, na akikubali mpige picha yeye akiwa amesimama hapo.

Nataka kuona ndani. Inawezekana? (Bi harusi mtarajiwa, Fremont)

Nenda Haas-Lilienthal House, 2007 Franklin Street. Ilijengwa 1886 kwa ajili ya William Haas, mfanyabiashara wa vyakula aliyetoka Bavaria, na familia iliishi humo hadi miaka ya 1970 ilipoikabidhi kwa shirika la kuhifadhi majengo ya kale. Sasa ni makumbusho. Hakikisha siku za ziara kabla ya kwenda, na kama unafikiria picha za harusi, uliza gharama mapema.

Huku kwetu Pwani hakuna nyumba kama hizo? (Msomaji, Tanga)

Za mbao namna hii, hapana. Waingereza walichelewa kututawala: Zanzibar ilikuwa chini ya himaya yao 1890, Kenya 1895, na Victoria akafa Januari 1901. Lakini Beit al-Ajaib, lile jumba la Sultani Barghash kule Unguja, la 1883, ina umri sawa na nyumba hizi, na nguzo zake za chuma cha kalibu ni za zama zilezile za viwanda. Sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Mwenye picha za kabla ya hapo azitunze vizuri.

Nina wikiendi moja na gari. Niende wapi nje ya San Francisco? (Mpiga picha chipukizi, Oakland)

Kama ni siku moja, anza na Preservation Park, mtaa wa nyumba za zamani zilizohifadhiwa hapo hapo Oakland, kisha uvuke kwenda mji jirani wa Alameda. Kama ni mbili, endesha kaskazini hadi Eureka, safari ya saa tano au zaidi, ukaone Carson Mansion. William Carson alikuwa tajiri wa mbao, akaijenga kati ya 1884 na 1886, na kila pambo ambalo fundi aliweza kulifikiria liko pale. Leo ni klabu ya wanachama, huingii, lakini kutoka barabarani unaiona yote. Ng'ambo ya barabara kuna nyumba ya waridi aliyompa mwanawe alipooa, nayo ina haki yake. Beba koti, Eureka ni baridi hata Julai.