Kwa unayeanza kazi ya TEHAMA kwenye kampuni ndogo ya Mwanza

Wadogo zangu mnaomaliza chuo na kuajiriwa hapa jijini, kwenye viwanda vya Nyakato, maduka ya jumla ya mjini kati, hospitali binafsi na kwa wasafirishaji wa mizigo ya visiwani: hasara kubwa nilizoziona kwenye kazi hii karibu zote hazikutokana na mtu kutojua kompyuta. Zilitokana na mambo ambayo kila mtu ofisini alidhani mwenzake ameyashika.

Kwa hiyo wiki ya kwanza usiguse seva, ile kompyuta kuu inayotunza data za ofisi. Kaa na mhasibu, kaa na mtu wa stoo, uliza. Domeini ya kampuni, yaani jina lake la kwenye intaneti, imesajiliwa kwa jina la nani? Neno la siri la ruta analo nani? Leseni ya programu ya uhasibu inaisha lini, na risiti yake iko wapi? Kampuni moja ya malori iliwahi kuniita baada ya tovuti na barua pepe zake zote kuzimika siku moja. Domeini ilikuwa imesajiliwa na fundi wa muda kwa barua pepe yake binafsi. Fundi akahamia Dar, akabadili namba ya simu, na taarifa za kulipia zikaendelea kwenda mahali ambapo hakuna mtu anafungua. Ada ya mwaka mzima ni ndogo kuliko mafuta ya lori moja la kwenda Geita. Zabuni walizozikosa wiki ile hazikuwa ndogo. Na fundi yule hakuwa mwizi. Hakuna aliyewahi kumwomba akabidhi chochote.

Kila kitu kiwe kwa jina la kampuni na kwa barua pepe ya ofisi. Maneno ya siri makuu yaandikwe, yatiwe kwenye bahasha, ifungwe kwenye sefu ya mkurugenzi, na bahasha ibadilishwe kila yanapobadilishwa. Kuna wanaoficha maneno ya siri wakidhani yatawalindia ajira. Sikubaliani nao hata kidogo. Siku ukilazwa hospitali ya Bugando na mishahara inatakiwa kutoka kesho, ofisi iweze kuendelea bila wewe.

Sasa bekapu, yaani nakala za akiba za data, na hapa naomba mnivumilie, kwani ndipo makampuni mengi hufia.

Ukiuliza, utajibiwa kwamba bekapu zipo. Usiridhike. Januari 31, 2017, mfanyakazi wa GitLab, kampuni ambayo biashara yake ni kutunza kazi za waandishi wa programu, alifuta data za seva kuu kwa bahati mbaya. Walikuwa na njia tano za kutunza nakala. Walipozihitaji, hakuna iliyokuwa ikifanya kazi ya kutegemewa. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mtu alikuwa ameichukua kwa mkono saa sita kabla, na data za saa hizo sita zikapotea. Kama hilo limewapata wataalamu wale, usiamini alama ya kijani inayosema bekapu imefanyika kwenye skrini ya duka la vifaa vya ujenzi pale mtaa wa Rwagasore.

Kila baada ya miezi mitatu chukua kompyuta nyingine kabisa, irudishie nakala, kisha mwite mhasibu mwenyewe. Mwambie afungue mauzo ya Ijumaa iliyopita na salio la stoo, alinganishe na karatasi zake. Yeye ndiye atakayeona kwamba jedwali la wadeni limeishia mwezi uliopita. Wewe utaona tu kwamba programu imefunguka. Andika pia urejeshaji ulichukua muda gani, maana bosi atakuuliza siku ya tatizo, na siku hiyo si ya kukisia.

Nakala ziwe walau tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae nje ya jengo. Tena mojawapo iwe imechomolewa. Juni 2017 kirusi cha NotPetya kiliingia kampuni ya meli ya Maersk kikaharibu, dunia nzima, seva zake zinazotunza orodha ya watumiaji na mashine. Ikabaki moja tu, ya ofisi ya Ghana, na ilibaki kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. Intaneti ya pale haikutosha kutuma data zile, ikabidi diski ibebwe kwa ndege, ikabidhiwa kwa mtu mwingine Nigeria, ndipo ikafika Uingereza. Hasara ilikadiriwa kufika dola milioni 300. Sisi tunaoujua umeme wa kukatika tusisubiri bahati ya namna hiyo. Nunua diski mbili za nje, zipokezane: moja ikiwa kazini, nyingine imefungiwa mbali. Mwenye tawi Bukoba anaweza kuipeleka kwa meli kila wiki. Ni salama kuliko diski iliyochomekwa kwenye seva mchana na usiku, maana kirusi kikiifunga seva huifunga na hiyo.

Radi nayo msiidharau. Ukanda wa Ziwa ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi Afrika, na jiji letu limekaa juu ya mawe. Fimbo ya ethi, ile ya chuma inayopeleka umeme wa radi ardhini, ikigonga mwamba mapema, fundi huikata na kuiacha hapo. Mtake aipime ethi hiyo kwa kifaa mbele yako. Waya wa mtandao unaotoka jengo moja kwenda jingine kwa nje, badilisha uwe faiba, waya wa kioo unaopitisha mwanga, ambao haupitishi umeme. UPS, lile boksi la betri linaloshika umeme ukikatika, ni ya kukupa dakika za kuizima seva vizuri, si ya kufanyia kazi hadi jioni, na betri zake huchoka kimyakimya.

Kompyuta za mitumba zina nafasi yake, ila angalia kizazi cha prosesa, yaani toleo la chipu kuu inayoiendesha kompyuta. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida Oktoba 14, 2025, na Windows 11 kwa upande wa prosesa za Intel inataka kizazi cha nane kwenda juu. Programu za kuvunjwa leseni kataa kabisa. Anayekwambia uzime antivairasi ili uisakinishe amekwishajieleza.

Kwa mnaofanya kazi na wauzaji wa minofu ya sangara nje: ikija barua pepe kwamba akaunti ya benki ya mteja au msambazaji imebadilika, mhasibu apige simu kwa namba mliyokuwa nayo zamani, si iliyoandikwa kwenye barua hiyo, maana huenda ni ya tapeli.

Yote haya yanataka pesa, na bosi wako hajasomea seva. Usimpelekee majina ya vifaa. Kaa na mhasibu mkokotoe siku moja bila kutoa risiti wala ankara inaigharimu kampuni shilingi ngapi, uiweke namba hiyo juu ya karatasi, na bei ya diski mbili chini yake. Akikataa, mheshimu, andika tarehe na alichosema, umpe nakala moja, kisha uirudishe karatasi ileile mezani bajeti ijayo ikianza kujadiliwa.