Mama ana saratani, daktari ameandika mofini: je, tumpe?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Mama yetu ana saratani ya shingo ya kizazi iliyofika mifupani. Ameandikiwa mofini ya maji, dawa kali ya kutuliza maumivu. Kaka yetu mkubwa anakataa: ni dawa ya kulevya, itamharakishia mauti, na maumivu yanafuta madhambi. Na Ramadhani inakaribia.

JIBU: Wa alaykumus salaam. Mama akiridhia, mpeni, tena kwa saa zake, msingoje mpaka alie.

Kaka yenu ana msingi: hadithi ya Ummu Salama katika mkusanyiko wa Abu Daud inakataza kila kilevi na kila kinacholegeza. Lakini Suratul Baqara, aya ya 173, imemwondolea dhambi aliyelazimika, na mafakihi, wanazuoni wa sheria, wakasema dharura hukadiriwa kwa kadiri yake. Kadiri hiyo hupimwa kwa bomba la sindano, si kijiko cha jikoni. Mtu mzima asiyewahi kuitumia kwa kawaida huanza na miligramu 5 kila saa 4, aliyedhoofu sana 2.5: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, kisha saa 4 usiku dozi maradufu ili asiamshwe saa 8 usiku. Fuateni alichoandika daktari, na someni lebo ya kila chupa mpya. Ipo ya miligramu 5 kwa mililita 5, ipo ya miligramu 50 kwa mililita 5. Mkiidhania ya 50 kuwa ya 5, mmempa mara kumi.

Dawa ya kulainisha choo, kama bisakodili, ianze siku hiyohiyo. Wengi huiacha mofini kwa sababu ya choo kigumu, wakadhani dawa imewashinda. Kichefuchefu na usingizi vya siku za mwanzo kwa kawaida hupungua. Ila saratani hii huweza kubana mirija ya mkojo, figo zikashindwa, mofini ikajikusanya mwilini. Mkojo ukipungua, mwambieni daktari. Akiwa haamshiki, anapumua polepole mno na mboni zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, msimpe dozi nyingine. Mpigieni daktari simu hapohapo. Lakini msiikatishe ghafla kwa hofu tu.

Dozi inayopandishwa hatua kwa hatua kufuata maumivu haikusudii kifo. Kuizidisha ili afe ni kuua, hata akiomba mwenyewe.

Ndiyo, maradhi hufuta madhambi. Aliyetufundisha hilo, rehema na amani zimshukie, ndiye aliyesema "Jitibuni". Subira ni ya mgonjwa mwenyewe. Mwanawe hana haki ya kumlazimisha.

Aswali ameketi, akishindwa kwa ubavu, kwa kuashiria kichwa. Maji yakimdhuru, atayamamu. Asifunge. Asiyetarajiwa kupona hutolewa kibaba cha mchele kwa maskini kila siku. Msisogeze dozi zote kwenye futari na daku: mchana kutwa atateseka, na usiku mtakuwa mmemrundikia.

Wallahu aalam.